Mashimo Kwenye Stensili

Barua yenu ilinikuta nyumbani Igogo, hapa Mwanza, nimekaa kibarazani nachambua dagaa. Niliposoma kwamba wahadhiri wapya wa chuo mnaomba "uzoefu wangu katika mbinu za kufundisha", nilimpa mume wangu aisome yeye, nikidhani macho yameanza kunidanganya. Akaisoma, akaikunja, akasema wamekosea nyumba.

Hamkukosea nyumba, ila mjue mmemwandikia nani. Sijafundisha hata siku moja. Nina kidato cha nne, na daraja nililopata halihusiani na mada hii. Kazi yangu chuoni ilikuwa kupiga chapa na kudurufu makabrasha ya wanafunzi, ndiyo maana wakaniita Mama Stensili, na wapo ambao mpaka leo hawajui jina nililobatizwa. Lakini chumba changu kilitenganishwa na darasa namba mbili kwa ukuta wa hadibodi, na ukuta huo ulikuwa na tundu kubwa kama sahani, mahali palipong'olewa feni. Kwa hiyo nimesikiliza vipindi vingi kuliko mwenye shahada yeyote kati yenu. Tofauti ni kwamba ninyi mliruhusiwa kusinzia.

Kwa kuwa mmezaliwa mkakuta projekta, niwaeleze stensili ni nini. Ni karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi zikate ile nta, kisha unaivisha kwenye pipa la mashine, unashika mpini, unazungusha. Kila mzunguko, nakala moja. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu inayofanana sana na rangi ya kucha, unasubiri ikauke, unapiga tena juu yake. Jumapili moja niliipaka kwenye kucha nikaenda nayo kanisani. Namna ilivyotoka ni siri yangu na mafuta ya taa.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kulwa, Msukuma mpole ambaye wino ulikuwa umeingia vidoleni mwake ukakataa kutoka. Siku yangu ya kwanza nilidhani atanifundisha mashine. Akaniambia nikae kimya nisikilize ukuta.

"Unasikia kikohozi?" akaniuliza.

Nikamwambia nasikia, labda ni mafua.

"Siyo mafua. Wakianza kukohoa kwa zamu, mwalimu amewapoteza. Asiposhtuka, viti vitaanza kulia. Baada ya viti ni usingizi, na usingizi hausikiki."

Aliyasema hayo bila kuacha kuzungusha mpini. Nawapa bure: mkiwa darasani, acheni kutazama nyuso. Mtu mzima anaweza kukutazama machoni saa nzima huku akiwaza ng'ombe wake. Sikilizeni vikohozi.

Msidhani nilikuwa hodari. Lugha yangu ya nyumbani haina ugomvi kati ya L na R, na mimi nilipiga chapa kwa kufuata sikio. Mwalimu mmoja alinisomea kanuni za ushirika, nikaziandika, nikazidurufu, zikaenda darasani: "Kila mwanachama ana haki ya kula mara moja tu katika mkutano mkuu." Wanafunzi walikuwa watu wazima, makarani wa vyama vya ushirika. Hawakucheka. Walijadili kwa uzito mkubwa. Mmoja akauliza, aliyetoka mbali kama Ukerewe naye ni mara moja tu? Mwalimu alikuja kwangu akiwa amekunja uso, lakini mzee Kulwa alimwambia jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule: kipindi kile kilikuwa cha kwanza muhula ule bila kikohozi.

Sasa niwaeleze habari za Mwalimu Bwire, maana bila yeye ningekuwa na kisa cha rangi ya kucha peke yake.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Pale mjini maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa majina, viwanda vya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga, na vijijini pamba iliyokuwa na mnunuzi mmoja tangu tuzaliwe sasa ilikuwa inafuatwa na malori ya watu binafsi. Vyama vya ushirika vikawaleta makarani wao chuoni kwetu kusoma kozi ya cheti, kwa Kiswahili, wajue biashara mpya inavyokwenda. Akaletwa Bwire kuwafundisha uchumi. Kijana wa upande wa Musoma, shahada mbichi kutoka Dar, shati limechomekwa, adabu nyingi. Alikuwa ametoka kuoa. Na alifundisha kama mvua inavyopiga bati: huwezi kusema haikunyesha, ila huwezi kusema ulisikia neno.

Alikuwa na ugonjwa wa kuuliza na kujijibu. "Bei inapangwa na nani? Inapangwa na soko. Soko ni nini? Soko ni mkutano wa ugavi na mahitaji. Mmeelewa?" Na darasa zima kwa sauti moja: "Ndiyo, mwalimu." Naye akafurahi, akaendelea.

Mimi nilijua ile ndiyo. Ninyi mliokulia mjini sikilizeni vizuri. Kwetu mtu mzima aliyesimama mbele akikuuliza kama umeelewa, huwezi kumjibu hapana. Utakuwa umemwambia mbele za watu kwamba hajui kazi yake. Ndiyo ile ni shikamoo ya pili, haihusiani na uchumi.

Mtihani wa muhula wa kwanza ukaja, darasa likaanguka karibu lote. Mkuu wa Taaluma akamwandikia Bwire barua: muhula wa pili atakuja kukaa darasani mwake, na asiporidhika, Bwire hatathibitishwa kazini. Najua kwa sababu barua niliipiga mimi. Nilitakiwa nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu, nilimwambia Bwire. Aliniuliza kulikoni, nikasema, "Mwalimu, ukipata bahasha ya kahawia usiifungue ukiwa umesimama."

Wiki hiyohiyo aliniletea kabrasha la kudurufu. Lilikuwa la mtu aliyemtangulia, la enzi za mnunuzi mmoja, ambapo kila sentensi iliishia kwa neno serikali. Bwire alikuwa ameyakata maneno ya zamani, na juu yake ameandika mapya kwa mwandiko wa mtu aliyepanda baiskeli. "Bei ya pamba hupangwa na" halafu mchirizi usiosomeka. "Mkulima akikataa kuuza leo, hasara ni ya" mchirizi mwingine. Nikaamua niache nafasi, akipita nimwulize, nijazie mwishoni. Akapita. Tukaanza ubishi kama dagaa wa Musoma ni watamu kuliko wa Mwanza, na jambo kama hilo siwezi kuliacha lipite. Alipoondoka nilikuwa nimeshinda ubishi na nimesahau mchirizi. Nikadurufu nakala sitini, karatasi za mwisho za mwezi.

Kesho yake alikuja mlangoni, nakala mkononi. Akaniamkia, nikaitikia marahaba.

"Mama, haya mashimo ni ya nini?"

Nikamwambia hapo ndipo aliponiandikia michirizi. Akauliza kama kuna karatasi nyingine. Nikamwambia mpaka mwezi ujao. Aliingia darasani vile mtu anavyoingia kwa daktari wa meno, na mimi nikasogeza kiti karibu na tundu.

Aligawa. Kisha nikasikia sauti ya Mama Nkwimba. Huyu alikuwa mama wa Kisesa, umri wangu au zaidi, aliyepima pamba kwenye mzani wa chama miaka mingi. Alikuwa hajawahi kusema neno darasani zaidi ya ndiyo.

"Mwalimu, hapa pameandikwa bei hupangwa na, halafu basi. Na nani?"

Bwire, kwa hasira za usiku mzima wa bahasha ya kahawia, akamjibu: "Wewe unadhani na nani?"

Akanyamaza. Hakunyamaza kwa mbinu, alinyamaza kwa kununa. Lakini darasa halikujua tofauti.

"Zamani ningeandika serikali," akasema Mama Nkwimba. "Mwaka huu lilikuja lori, mwenye lori akasema bei ni yake. Tukamwachia aondoke. Kesho yake likaja lori lingine na bei nyingine. Sasa sijui niandike lori."

Wakacheka. Mmoja nyuma akasema aandike njaa, maana mwenye njaa anauza kwa bei yoyote. Mwingine akasema shemeji yake yuko kiwanda cha sangara, huko bei inakuja kwa simu kutoka Ulaya, kwa hiyo waandike simu. Wakaanza kubishana lori, njaa na simu ni kitu kimoja au vitatu. Mimi nilikuwa na kazi ya mtu mwingine kwenye taipureta, nikaiacha. Kikohozi hata kimoja.

Kipindi kilipoisha Bwire alichungulia. Uso ulikuwa umebadilika.

"Mama, wiki ijayo weka tena mashimo."

Nikamwambia makosa yangu ni ya bahati, siwezi kuyapanga kwa ratiba.

Tukaanza kuyapanga hivyohivyo, na tulikosea kwanza, kama kawaida yangu. Kabrasha lililofuata tulitoboa kila mstari mpaka likawa kama chandarua, na wanafunzi wakageuka watu wa kudaka maneno: Bwire akitamka, wanaandika, hakuna anayewaza. Halafu tukagundua kwamba wanahesabu nukta nilizopiga kwenye mashimo. Nikipiga nukta nane, mtu anasema, "Mwalimu, neno lina herufi nane, ni serikali." Kwa hiyo mshike haya mawili, yamenigharimu stensili nyingi. Mashimo yote yawe na urefu mmoja, hata neno likiwa fupi. Na shimo liwe pale ambapo watu wawili wenye akili wanaweza kugombana. Ukiacha nafasi kwenye tarehe au tahajia, umetega panya tu. Ukurasa mmoja, mashimo matatu yanatosha.

Lakini ugonjwa wa kujijibu haukupona. Shimo lipo, swali limeulizwa, na kabla mtu hajameza mate Bwire ameshalijaza mwenyewe. Nilimwita chumbani, nikamshikisha mpini wa mashine. Nikamwambia azungushe polepole, ahesabu karatasi zikitoka. Kumi. Akaniambia mbona ni muda mrefu. Nikamwambia ndiyo muda ambao Mama Nkwimba anahitaji kutoa wazo Kisesa mpaka darasani, na yeye huwa anamkatia njiani.

"Kila ukiuliza," nikamwambia, "zungusha kumi kichwani kabla hujafungua mdomo."

Siku za kwanza alifika tatu. Nikawa nagonga hadibodi kwa rula kila alipojibu mapema. Wanafunzi waliamini napigana na mende, na mmoja alinionea huruma akaniletea dawa. Baadaye alifika sita, halafu nane. Ninyi mtajaribu na mtaona: kimya cha mizunguko kumi kinawaka mwilini kama pilipili. Vumilieni. Hakikuunguzi wewe peke yako, na kati ya watu sitini lazima mmoja atashindwa kabla yako.

Neno "mmeelewa" nililipiga marufuku, kwa mamlaka ambayo sijui nani alinipa. Badala yake akawa anauliza, "Wapi pamekaa vibaya?" Swali hilo limeshakubali kwamba kuna mahali pamekaa vibaya, kwa hiyo anayejibu hamvunjii mtu heshima, anasaidia kutafuta.

Ikafika wiki ya Mkuu wa Taaluma.

Huyo alikuwa mtu wa unadhifu. Aliwahi kunirudishia tangazo kwa sababu pambizo la kushoto lilikuwa limelala. Bwire aliniletea kabrasha la siku hiyo, mashimo yake matatu ameyawekea alama vizuri. Na mimi, wanangu, nikaogopa. Nilimwona Mkuu ameshika karatasi yenye nafasi tupu. Ataona uzembe wa ofisi, wangu na wa Bwire, na kijana wa watu aliyetoka kuoa ataambiwa afungashe kwa sababu ya upuuzi ulioanzishwa na mchapaji mwenye kidato cha nne. Saa ya chakula sikwenda kula. Majibu nilikuwa nayajua kwa sababu ya tundu. Nikayajaza yote matatu, safi, pambizo limenyooka. Sikumwambia Bwire, kwa sababu nilijua angekataa.

Nilizigawa mwenyewe, nikakaa nyuma karibu na mlango. Mkuu alikaa safu ya mbele na daftari lake. Bwire akashika nakala, akaisoma, akaisoma tena, akanitazama. Mimi nikamwonyesha dole gumba.

Akaanza. Wanafunzi walikuwa na kila kitu mkononi, wakakaa kama watu waliokwisha kula. Dakika chache, kikohozi. Kingine upande wa dirishani. Mkuu akaandika kitu. Kiti kikalia, na hapo nikakumbuka mzee Kulwa, nikatamani hadibodi inimeze.

Bwire akaweka nakala yake mezani.

"Geuzeni karatasi. Upande mweupe uwe juu."

Mkuu akageuza yake pia, nadhani bila kujua.

"Mkulima ana pamba ndani. Lori limesimama mlangoni. Auze leo au asubiri? Andika, na uandike kwa nini."

Kimya. Kalamu, halafu kimya tena. Akauliza nani ataanza. Hakuna. Mkuu akatazama saa. Mimi nikaona mkono wa kulia wa Bwire, umening'inia kando ya paja, umeanza kuzunguka taratibu, mzunguko mdogo wa mtu anayezungusha mpini. Nikahesabu naye. Tano. Sita. Kwenye saba Mkuu alikohoa, nikafumba macho. Nane. Tisa. Kumi ikapita, na mkono haukusimama.

Mama Nkwimba akainuka.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

Sidhani kama kuna mtu alikuwa amewahi kusema neno hilo katika darasa namba mbili. Kalamu ya Mkuu ikaenda haraka. Nilijua anaandika nini, ningekuja kulipiga chapa mwenyewe.

"Wapi pamekaa vibaya?" Bwire akauliza.

"Hii karatasi yenu inasema bei hupangwa na soko. Nimejaribu kuandika upande mweupe, soko halijakaa. Mimi nimepima pamba miaka yote, sijaona soko limeshika mzani. Nimeona mtu. Yule wa lori anajua bei ya Kisesa na ya Magu mjini, mkulima anajua ya mlangoni kwake tu. Sasa hapo wamekutana wawili, au amekuja mmoja kumchukua mwingine?"

Darasa likalipuka. Wanne walisimama kwa pamoja. Aliyekuwa akisema simu alisema sasa mmeona, si nilisema simu. Mmoja akataka chama kiwe kinabandika bei za kila mnada mlangoni, mwingine akauliza nani atapeleka habari hizo, na kwa baiskeli gani. Na katikati ya ubishi ule Mkuu wa Taaluma, mtoto wa mkulima wa pamba kama sisi wengine, aliweka kalamu chini akainua mkono. Alinyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Naomba kuuliza. Marehemu baba alikuwa anaambiwa bei kabla hajapanda. Huyu wa sasa atapandaje bila kujua?"

Bwire hakumjibu. Nilitamani kumgongea rula, safari hii ili ajibu. Mkono ulikuwa unazunguka tu. Alimsubirisha Mkuu wa Taaluma mizunguko minane, mpaka Mama Nkwimba akamgeukia akamjibu yeye, kwa adabu zote na kwa urefu. Mkuu akageuza daftari lake, akaandika upande mweupe.

Akitoka alisimama mlangoni pangu. "Karatasi zako leo ni safi sana, mama. Hakuna hata nafasi moja." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na alinipa kwa kosa.

Barua ya kumthibitisha Bwire niliipiga wiki iliyofuata bila kukosea herufi hata moja, mara yangu ya kwanza tangu niajiriwe. Alikuja kuichukua. Akaisoma akiwa amesimama.

"Mama, ulijaza."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia niliogopa.

"Hilo nimekusamehe. Ila lile dole gumba, mama." Akacheka mpaka akashika mpini wa mashine asianguke. Mpaka anahamia chuo kingine, kila tulipopishana uani alinionyesha dole gumba.

Kompyuta zilipokuja walitaka kunipeleka Dar nikajifunze. Nikawaambia safari yangu ndefu ni Kisesa, na nikifika huko naanza kuuliza gari la kurudi. Wakamleta mwalimu hadi mezani pangu. Alinionyesha kila kitu, akaniuliza, "Umeelewa, mama?" Nikajibu ndiyo.

Siku ya kuniaga, Bwire alituma kadi. Ndani ameandika kwa mwandiko uleule wa baiskeli: "Mama Stensili, ulinifundisha ........" Na chini yake jina lake, basi. Nukta nane. Nilijaribu herufi nane, hakuna neno lililokaa, ndipo nikakumbuka kwamba sheria ya urefu mmoja niliitunga mimi.

Kadi iko kabatini na penseli yake. Mume wangu anauliza kila mwaka nitaijaza lini. Namwambia asinikatie njiani, nimefika mzunguko wa saba.